Hakuna Pakiti ya Saba

Machi 4

Daftari hili nimeligeuza. Mbele ni la hesabu, huku nyuma ni langu mwenyewe, na atakayelifungua kwa nyuma bila ruhusa ajue nimemwona. Leo nimejiandikisha tena darasa la alasiri, kwenye ukumbi ulio nyuma ya posta. Ni mara ya tatu. Masomo mengine yote ninayo, hesabu ndiyo iliyonikalia kooni. Chuo cha wakunga kimeniandikia barua ya mistari minne: wananipokea Agosti nikileta hesabu, na hawampokei aliyefikisha miaka arobaini na mitano. Mimi nafikisha Septemba. Kwa hiyo ni mwaka huu au basi.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tunapanga mayai meza moja, ameniuliza kama nikianguka tena nitahamia chekechea. Nikacheka kwa meno tu.

Machi 6

Mvua imeanza. Mayai machache, viza kumi na mawili.

Machi 9

Mwalimu ni kijana ambaye ningeweza kumzaa, na anaongea kama anayesoma tangazo la msiba. Tuko wanafunzi tisa. Nyuma kabisa anakaa Fundi Geti, sote tunamwita hivyo kwa sababu anachomelea mageti. Mikono yake ina makovu ya cheche mpaka kwenye kiwiko. Na yeye ni mara ya tatu. Bila hesabu chuo cha ufundi hakimpi cheti, na bila cheti anatengeneza geti, mwingine anagonga jina lake mwenyewe juu yake. Tangu mwaka juzi sijamsikia akiuliza swali hata moja. Akiitwa ubaoni anasimama, anautazama ubao, anarudi kukaa. Tumekubaliana kuchekana nje tu, si ndani.

Machi 17

Leo tumefundishwa namba tasa. Ni zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Jina kali kwa kitu kisicho na kosa. Mwalimu ametupa orodha yake mpaka mia mbili, akasema tuikariri.

Machi 19

Sikariri. Siwezi.

Machi 24

Leo nimeona kitu, na lazima nikiandike kabla hakijanitoka.

Kichwa changu kinashika kile tu kilichopita mkononi. Kwa hiyo nikaanza kuigeuza ile orodha iwe mayai. Kule kazini, kwenye chumba cha mayai, hatusemi tisini na saba. Tunaandika 3-7, yaani trei tatu za thelathini, na mayai saba juu. Mia na moja ni 3-11. Miaka kumi na minane nimeandika hivyo ubaoni kila jioni, na ukimwandikia msimamizi wetu vingine anakuuliza kama umepigwa na jua. Basi nikaiandika orodha nzima kwa trei, nikafika katikati, nikaweka kalamu chini.

Mayai ya juu yalikuwa yale yale. Moja, saba, kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na tatu, ishirini na tisa. Mwisho. Hakuna manne, hakuna tisa, hakuna ishirini na moja hata kwa bahati mbaya. Ukiziacha mbili, tatu na tano, namba tasa zote zinaangukia kwenye hizo nane, kama wapangaji wenye vyumba vyao.

Na sababu naijua kwa vidole. Trei nzima unaweza kuipanga mawilimawili, matatumatatu au matanomatano, haikugomei. Sasa yakibaki mayai juu, nayo yakakubali mpango mmojawapo, basi mzigo wote umekubali. Chukua 4-9. Trei zinakubali matatumatatu, tisa nayo inakubali, kwisha habari yake, si tasa. Zinazogoma kila mpango ni hizo nane peke yake.

Nikaenda mbele zaidi. Mzigo wowote ukiishia na mojawapo ya hizo nane, huo ni tasa. Pakiti tunazo za sita, za kumi na za kumi na tano. Zote zikigoma, utaupakia wapi?

Nimesimama dirishani na daftari mkononi nikitazama mvua. Mume wangu akaniuliza kama kuna aliyekufa. Nikamwambia hapana, kuna kilichozaliwa.

Machi 26

Nimemwonyesha mwalimu. Alikuwa anavaa koti la mvua. Akatupa jicho moja, akasema, "Trei si hesabu, mama. Andika kama wenzako." Akaondoka.

Kama wenzangu walioanguka mara mbili.

Aprili 2

Mvua. Mvua. Barabara ya juu imekuwa uji. Sisemi na mwalimu zaidi ya shikamoo yake na marahaba yangu.

Aprili 11

Mwalimu ana homa, amelazwa. Ametuma ujumbe kwamba darasa lisivunjike, na kwamba mimi niliongoze kwa wiki mbili, kwa kuwa namaliza mazoezi kabla ya wengine. Nimeusoma ujumbe mara tatu nikitafuta dharau, sikuiona.

Aprili 13

Nimefundisha. Mimi.

Nilibeba trei nne tupu na kapu la kokoto, maana mayai yenyewe msimamizi angenichinja. Nikawaambia wasahau orodha. Nikawapanga wawiliwawili kila meza, nikawaambia wajaze trei, wahesabu za juu, waniambie kama zinakubali kupangwa. Kwa nusu saa ukumbi ulikuwa na kelele za kokoto tu. Halafu nikaandika ubaoni zile namba nane na kanuni yangu yote, ya kwenda na ya kurudi: namba tasa huishia hapa, na inayoishia hapa ni tasa.

Fundi Geti akanyoosha mkono. Nilidhani anataka kutoka nje. Akauliza mia na tatu, akajijibu hapo hapo kabla sijafungua mdomo: trei tatu, kumi na tatu juu, tasa. Akauliza mia na tano, akajijibu tena. Akacheka peke yake, akasema, "Hii nimeipata." Mtu mzima, mwenye mikono ile, akawa anafuta macho na kiganja akisingizia vumbi la kokoto.

Nimerudi nyumbani nimelowa chapachapa na wala sikuona mvua. Siku hii naitaka ibaki hapa ilivyo.

Aprili 18

Fundi Geti ametuaga. Amepata kazi ya mageti manane ng'ambo ya mto, atarudi kabla ya mtihani. Amechukua na kokoto thelathini mfukoni, akasema huko hakuna mayai.

Aprili 23

Daraja limekatika. Lori letu la mayai limegeuza njiani, chumba kimejaa mpaka mlangoni.

Aprili 27

Mwalimu amerudi, amekonda, sauti imekuwa ndogo. Akataka kuona tulipofika. Akaandika ubaoni 49, akauliza ni namba ya aina gani. Wanafunzi saba wakajibu kwa pamoja, kwa fahari, kama kwaya: trei moja, kumi na tisa juu, tasa.

Akauliza nani aliyewafundisha hivyo. Nikasema ni mimi.

"Mama, saba mara saba ni ngapi?"

Nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Akaandika 77, akaandika 91, akaandika 121, na kila moja ilikuwa inaishia kwenye vyumba vyangu vinane, na hakuna hata moja iliyokuwa tasa. Saba mara kumi na moja. Saba mara kumi na tatu. Kumi na moja mara kumi na moja.

Miaka kumi na minane sijawahi kuona pakiti ya mayai saba. Hakuna duka linaloiagiza, hakuna mtu anayeitengeneza. Kwangu mimi saba haikuwa namna ya kupanga kitu chochote, kwa hiyo haikunijia. Na ile orodha nilikagua waliofika, sikuuliza nani hakufika. Arobaini na tisa haikuwemo, nami nikaipita kama mlango uliofungwa.

Nimekusanya vitu vyangu, nikatoka bila kuaga.

Aprili 28

Sikwenda darasani. Niliamua nibaki kazini mpaka saa ya mwisho, nipange mayai yangu, nife nayo. Ndipo nikaona jambo. Saa kumi ilipofika wifi yangu alivuta trei za upande wangu kwake bila kutazama, akaanza kuzijaza, mkono mmoja kwangu, mmoja kwake. Alipogundua kuwa bado nipo akashtuka kama aliyekamatwa.

Kumbe tangu Machi, kila ninapotoka kwenda darasani, anamaliza fungu langu ili msimamizi asione pengo. Huyu huyu wa chekechea. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ningejua ningeanza kumshukuru, na kazi ingechelewa. Halafu akaniuliza leo ninafanya nini pale, kwa sauti ambayo sikuipenda. Nikamweleza yote ya arobaini na tisa. Akasikiliza mpaka mwisho, akaokota kalamu yangu chini ya meza, akanipa.

Nimemhukumu yule mwanamke kwa miaka. Naona haya.

Aprili 30

Mwalimu amekuja chumba cha mayai, katikati ya mvua, suruali imekunjwa mpaka magotini. Msimamizi akadhani ni mkaguzi, akasimama wima.

Alikuja na daftari lake. Ameandika namba tasa zote mpaka elfu moja kwa trei, kwa mkono wake, na homa bado haijamwisha. Akanionyesha kwamba nusu ya kanuni yangu haiangushwi na mtu: namba tasa kubwa kuliko tano itaishia kwenye zile nane, hata ukienda mpaka mamilioni, na sababu ni ile ile niliyoisema ya kupanga. Nusu ya kurudi ndiyo ya uongo. Kuwa na chumba pale si kuwa tasa. Ni ruhusa tu ya kuingia, bado lazima ujaribu saba, kumi na moja na kumi na tatu, na kwa namba zisizozidi mia mbili hizo zinatosha.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitazamia. Nizitazame zile nane zenyewe. Ukiacha moja yenyewe, zote ni tasa. Amejaribu trei ya arobaini na mbili, ishirini na tano, isiyo tasa, ikajipenyeza. Amejaribu ya sitini na ya tisini, arobaini na tisa ikajipenyeza. Chuoni waliwahi kumwambia kwamba juu ya thelathini hakuna tena namba yenye usafi huo, naye aliisikia ikampita. Waliotengeneza trei hawakujua walichotengeneza.

Nikamwambia nimeharibu darasa. Akafunga daftari, akasema, "Nilikwambia trei si hesabu. Mimi ndiye niliyeanza kukosea, mama. Ningekaa siku ile dakika tano, ningekuonyesha arobaini na tisa, ukawafundisha sawasawa."

Wifi akampa kiti na taulo.

Mei 3

Wote saba nimewarekebishia, mmoja mmoja, uso kwa uso. Kanuni sasa ina mkia: kwanza trei, kisha saba, kumi na moja, kumi na tatu. Hakuna aliyenitukana. Amebaki Fundi Geti.

Mei 5

Simu yake haipatikani. Ng'ambo hakuna umeme tangu nguzo zianguke.

Mei 7

Haipatikani.

Mei 10

Nimekwenda mpaka mtoni kwa miguu na barua yangu ndani ya mfuko wa nailoni. Maji yamefunika hata nguzo za daraja, na barabara ya juu bado ni tope tupu. Wavushaji wamefunga mtumbwi juu ya mti, wakaniambia hata wangekuwa na wazimu wasingevuka. Nilisimama pale kama saa nzima. Nilikuwa naona mapaa ya bati upande wa pili, na chini ya mojawapo yupo mtu anajifundisha uongo wangu kwa kokoto thelathini.

Mei 14

Mtihani.

Tuliingia saa tatu. Meza ya mbele yangu ilikuwa tupu, na kadi yenye namba ya Fundi Geti imebandikwa. Msimamizi wa mtihani alisoma masharti: atakayetoa neno, karatasi yake inachukuliwa na matokeo yake yanafutwa. Tukafungua.

Dakika kumi baadaye Fundi Geti akaingia, tope mpaka kiunoni. Alikuwa amezunguka kwa barabara ya juu tangu jana. Wakamruhusu. Akapita karibu nami, akanikonyeza, akakaa.

Swali la tatu: kati ya 91, 97 na 143, zipi ni namba tasa? Onyesha.

Namba 91 ni 3-1. Namba 97 ni 3-7. Namba 143 ni 4-23. Zote tatu ziko kwenye vyumba vyangu. Nilimwona akifika hapo. Mabega yake yalilegea kama ya mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini, akaandika haraka, akafungua ukurasa.

Naandika hapa nilivyofanya, ili baadaye nisije nikajisimulia vingine. Nilifikiria kumnong'oneza. Nilifikiria hata kukohoa mara saba. Kisha nikafikiria Septemba. Sikunong'ona, wala sikukohoa. Niliinamisha kichwa nikaandika kwamba 91 ni saba mara kumi na tatu, na 143 ni kumi na moja mara kumi na tatu, na nikaendelea mpaka swali la mwisho. Ningekuwa nimefanya kosa kusema, najua. Lakini si uaminifu ulionifunga mdomo. Ni woga wa kukikosa chuo.

Nje alinisubiri getini, meno yote nje. Akasema lile swali la tatu amelijibu kwa trei zangu, zote tatu tasa, na kwamba hajawahi kutoka kwenye mtihani na furaha namna ile.

Nikamwambia. "Tisini na moja ni saba mara kumi na tatu. Mia na arobaini na tatu ni kumi na moja mara kumi na tatu. Nilikufundisha vibaya, nikakutafuta, sikukupata."

Alizipiga hesabu kwa vidole, polepole, zote mbili. Akaniuliza kama nilijua mle ndani, wakati anaandika. Nikasema ndiyo. Akachomeka penseli nyuma ya sikio, akaondoka.

Mei 15

Sikula.

Mei 22

Mvua imepungua. Nimepita karibu na karakana yake, nikasikia mashine ikichomelea. Sikuingia.

Juni 4

Lori la mayai limevuka mto leo. Wifi anaimba, na sauti yake ni ile ile mbaya.

Juni 13

Jua siku nzima. Nimejikuta nikipanga mayai sabasaba mezani, kisha nayavuruga kabla msimamizi hajaona.

Juni 26

Matokeo yamebandikwa mlangoni pa ukumbi, pamoja na alama. Kufaulu ni arobaini.

Nina hamsini na saba. Nimeisoma, nikaisoma tena kwa trei, nikapata 1-27, bado ni hamsini na saba. Nimefaulu. Nakwenda chuo cha wakunga. Nimeliandika na bado sijalizoea.

Wale saba wote wamepita. Chini yao: Fundi Geti, thelathini na nane.

Mwalimu alikuwa kando yangu. Sikutaka kuuliza, lakini nikauliza swali la tatu lilikuwa na alama ngapi. Sita, akasema, mbili kwa kila namba. Yaani alipata mbili za tisini na saba, akakosa nne. Thelathini na nane na nne ni arobaini na mbili. Mwalimu naye aliijumlisha, nikamwona midomo ikicheza, akatazama pembeni. Wenzangu wakanibeba juujuu pale nje, nami nikicheka na kulia, na sikujua ni kipi ninachofanya kwa ajili ya nini.

Juni 28

Jumapili. Nimekwenda karakana.

Alikuwa peke yake, anapiga msasa bawaba. Aliniona, hakusimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, yote yakanikimbia. Nikasema, "Ungepata arobaini na mbili. Zile nne ni zangu."

Akaendelea na msasa kidogo. Akasema amenichukia tangu mtihani, hasa kwa kukaa nyuma yake nikamwangalia akiandika, na kwamba ni haki yake. Nikasema ni haki yake. Akasema angekuwa yeye nyuma yangu, na Septemba ni yake, hajui angefanya nini, na hilo ndilo lililomchosha kunichukia.

Kisha akaweka bawaba chini. "Mara ya kwanza nilipata kumi na tisa. Ya pili, ishirini na mbili. Unadhani hizi thelathini na nane zimetoka wapi, mama?"

Akapangusa mikono kwenye suruali.

"Mle ndani nilifanya kila kitu kwa trei. Sehemu, asilimia, zote. Miaka yote nakaa darasani, siku ya kokoto ndiyo nilijua jibu kabla ya mtu mwingine."

Nililia mbele yake bila kujificha. Akanisubiri nimalize, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati.

Chuo kinafunguliwa Agosti, na Jumapili hakuna masomo. Nimemwambia nitakuwa hapo kila Jumapili saa nane mchana mpaka mtihani wa Novemba. Akasema zimebaki alama mbili tu, hazihitaji Jumapili zote hizo. Nikasema basi tuanze leo.

Akachukua chaki, akaandika 143 kwenye bati la geti. Akaigawa kwa trei, akapata ishirini na tatu juu, akanitazama. Akajaribu saba, zikabaki tatu. Akafuta. Akajaribu kumi na moja, akachora safu moja, ya pili, ya tatu, polepole, chaki inamkatikia, anaokota kipande. Kwenye safu ya kumi alisita, akaanza kuhesabu upya tangu mwanzo. Nilijua jibu lilipo, na mdomo uliniwasha. Nikamwacha ahesabu.

"Kumi na tatu," akasema. "Hakuna iliyobaki."

Akaipigia mstari.